Siku moja na yangeyange wa chuma, Kariobangi

Saa kumi na mbili asubuhi niko Gikomba, kabla wanunuzi wakubwa wa vyuma chakavu hawajafagia kila kitu. Nataka minyororo ya pikipiki na ekseli moja nzito. Muuzaji ananiuliza, "Na yule kuku wako?" Namwambia si kuku, ni sanamu ya yangeyange, ndege wa majini, na atasimama diko la wavuvi kule Watamu, pwani. Anacheka, lakini bei hapunguzi.

Saa mbili, karakana. Stima zipo, basi naanza na miguu, ndiyo inayonikosesha usingizi. Yangeyange mzima ana miguu miembamba myeusi na vidole vya njano, kama aliyekanyaga ndoo ya rangi. Urefu wake unazidi nusu mita kidogo tu. Wangu ana mita tatu. Upepo wa kusi ukimkuta kwenye miguu ya bomba tupu, atalala kifudifudi. Kwa hiyo ekseli inaingia ndani ya bomba, na chini inafungwa kwenye bamba litakalozikwa ndani ya zege. Manyoya nayaachia nafasi katikati ili upepo upite.

Saa nne mpaka saa saba nakata manyoya kwenye mabati ya zinki. Zinki inazuia chumvi ya bahari, ila nikichomelea inaungua pale pale kwenye kiungo, na kutu huanzia hapo. Lazima kila kiungo kipigwe rangi ya zinki baadaye, kazi ya kuchosha kuliko zote. Halafu ule moshi mweupe unaleta homa. Wenzangu wanasema kunywa maziwa. Mimi nafungua mlango na kukaa upande unakotoka upepo.

Chapati na maharagwe. Simu: ni mzee wa Watamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeona picha. Huyo wako amesimama tu, anangoja nini?"

Ananieleza: maji yakipwa, yangeyange huinama, mguu mmoja mbele, akitikisa tope ili samaki wadogo watoke walikojificha. Wavuvi wamemwona hivyo tangu utotoni, na ndio watakaompita kila alfajiri wakienda baharini. Maoni ya watu wa maonyesho ya sanaa yatasubiri. Nauliza rangi. Anasema nisihangaike na nyeupe, huko kwao wapo weupe na wapo wa kijivu cheusi. Hapo nimeokoa pesa ya rangi.

Saa nane nakata mguu wa kushoto kwenye goti na kuupeleka mbele. Uzito wote sasa uko mguu wa kulia, kwa hiyo bamba linaongezwa upana. Saa kumi shingo: minyororo miwili, kiungo kwa kiungo, hadi mpindo ukae. Jicho ni goroli ya beringi. Kijana wangu anauliza kwa nini tusitengeneze korongo wa pale uwanja wa Nyayo, tumewazoea. Wazo zuri, lakini nani atalipia sanamu ya mla takataka?

Saa kumi na mbili jioni natuma picha Watamu. Jibu linakuja upesi: "Mguu sawa. Shingo bado fupi."

Kesho tena Gikomba, minyororo.