Siku moja na punda wa Lamu: tumbo linapokwama

Saa kumi na moja alfajiri. Nikitoka msikitini napitia zizini. Kabla ya kuwatia punda wangu shogi, yale makanda ya mizigo ya mgongoni, natazama kinyesi. Vidonge vikiwa vingi na vina unyevu, twende kazi. Vikiwa vichache, vikavu au vimevaa utelezi, huyo hapakiwi.

Saa moja. Forodhani, saruji inashushwa. Maji kwanza, mzigo baadaye. Punda mwenye kiu tumbo lake hukauka na chakula hukwama.

Saa mbili na nusu. Jirani yangu analalamika punda wake mvivu leo. Namkuta kasimama ukutani, kichwa chini, pumba hajagusa. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo huparapara ardhi, hujigaragaza, hugeuka kujitazama ubavu. Punda hunyamaza. Kwa hiyo hupigwa bakora badala ya kutibiwa, jambo linaloniudhi mno.

Nikaweka sikio ubavuni: kimya, wakati tumbo lenye afya hunguruma. Kwenye mshipa chini ya taya nikahesabu mapigo 70 kwa dakika. Punda mzima aliyetulia ni kati ya 36 na 52. Tukaondoa chakula, tukampigia simu daktari wa mifugo.

Mzee mmoja akaja na chupa ya mafuta ya kupikia. “Mnyweshe, mwanangu, yatasukuma.”

“Hapana, mzee wangu. Yakipotea njia yanaingia mapafuni.” Na punda, kama farasi, hatapiki, kilichoingia sharti kipite mpaka mwisho.

Saa nne. Daktari akamchoma sindano ya maumivu, akatia mkono kwa nyuma, akagusa bonge gumu. Maji na dawa ya kulainisha akavipitisha kwa mpira wa puani hadi tumboni. Anashuku takataka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini kamba na vifungashio bado vimejaa majalalani, na punda wakiachiwa jioni huko ndiko hula.

Saa tisa. Wangu nawalisha kwenye karai, si chini, maana mchanga nao hujaa tumboni. Mara mojamoja nakoroga kinyesi ndani ya gilasi ya maji na kusubiri: mchanga ukiwepo hutua chini. Leo chembe kidogo tu. Meno yao yataangaliwa wiki ijayo, kwani asiyetafuna vizuri humeza mabonge.

Saa mbili usiku. Jirani kapiga simu: punda katoa vidonge, anataka kumpa pumba. Nimemwambia majani laini kidogo na maji tele. Pumba zisubiri daktari arudi kesho.