Siku moja na matope ya Tudor

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya chai, jedwali la maji. Mwezi umeandama juzi, maji ni ya bamvu, na leo yatapwa kabisa saa nne na dakika arobaini. Kwa anayefanya kazi ndani ya mikoko ya hori ya Tudor, Mombasa, hiyo ni kusema ana saa tatu tu za kukanyaga ardhi. Watu wakisikia "mtafiti wa baiolojia ya bahari" hufikiria mbizi na samaki wa rangi. Wapo wenye bahati hiyo. Sisi wengine ni watu wa udongo.

Saa moja vifaa vinahesabiwa, mahamri yanaliwa kwa kusimama, boti inaondoka.

Saa tatu na robo tuko upande wa Mikindani, matope magotini. Gambuti hazifai, zinanyonywa na tope na mguu unatoka peke yake. Bora raba kuukuu zilizofungwa kamba, maana chaza walioganda kwenye mizizi ya mkoko wanakata kama wembe.

Kazi yenyewe ni kupima kaboni iliyomo kwenye udongo huu: mashimo sita, kila shimo sampuli nne, sentimita 0 hadi 15, 15 hadi 30, 30 hadi 50, kisha 50 hadi 100. Mifuko 24. Kifaa ni bomba la chuma la nusu duara lenye bawa. Unalisukuma wima hadi kina unachotaka, unalizungusha nusu mzunguko bawa lifunge udongo ndani, unalivuta polepole. Bomba la plastiki la kawaida ni rahisi kupata, ila linaugandamiza udongo unaposhuka: unadhani umechukua mita nzima, kumbe ndani mna sentimita 80 zilizoshikana.

Hapa ndipo muda unapoishia. Shimo la kwanza, mzizi kwenye sentimita 22. Unasogea hatua moja, mzizi tena. Kishawishi ni kupiga bomba nyundo lipite, lakini bomba likipita kwa nguvu linaburuta mzizi chini, na sampuli ya sentimita 50 inatoka imejaa nyuzi za juu. Unasogea mara ya tatu. Usubi wako masikioni na mikono yote miwili ina tope. Bomba linapofunguka, harufu ya yai bovu inapanda, na hiyo ni dalili njema: huko chini hakuna hewa, ndiyo sababu majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi, na kaboni inabaki.

Kutoka katikati ya kila kipande unakata sentimita 5 kamili, kwa rula. Ukikata 4 ukaandika 5, uzito wa udongo kwa ujazo unapungua kwa asilimia 20, na kosa hilo linasafiri lilivyo mpaka kwenye tani za kaboni kwa hekta. Si hesabu za kujifurahisha. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya hekta 117 za mikoko, kwa wanaotaka kufidia hewa wanayoichafua, tangu miaka ya 2010, na pesa zinakwenda kwenye mambo ya kijiji kama maji na shule. Huko tani ni pesa za watu.

Lebo huandikwa kwa penseli, moja ndani ya mfuko na nyingine nje. Wino hutoka na maji ya chumvi.

Katikati ya shimo la nne anapita mvuvi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnapima, hapa pameuzwa?"

Dakika kumi na tano za kueleza, na maji yameanza kurudi. Lakini ukimjibu juujuu, wiki ijayo utakuta vigingi vyako vyote vimeng'olewa, na atakuwa na haki yake: Pwani kipimo kimewahi kutangulia kufukuzwa.

Saa saba mchana, maabara. Mifuko mipya inaingia kwenye tanuri la kukaushia, nyuzi 60, siku tatu hivi, hadi uzito usibadilike tena. Za wiki iliyopita, zilizokwisha kukauka na kusagwa, zinachomwa kwa nyuzi 450 na kupimwa kabla na baada. Kilichopotea ndicho kilichokuwa na uhai. Majivu yakitoka yanapoezwa ndani ya chupa yenye shanga za silika zinazofyonza unyevu. Ukiyaacha wazi kwa unyevu wa Mombasa, unaiona mizani yenyewe ikipanda: 18.204, 18.207, 18.211. Majivu yanakunywa unyevu wa hewa. Shanga zikigeuka kutoka bluu kuwa waridi, zimeshiba, zikaushwe upya.

Halafu stima inapotea. Jenereta ni ya friza kwanza. Tanuri la nyuzi 60 linashuka hadi 40, matope bado mabichi, mlango umefungwa: joto hilo ni karamu kwa vijidudu, na wanachokula ni kaboni ile ile tuliyoifuata. Mifuko inatolewa, inarudishwa kwenye barafu. Stima inarudi magharibi. Mifuko inawekwa upya tanurini, saa zinahesabiwa upya.

Sijui saa ngapi, usiku. Kinachobaki ni karatasi: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) inayokaribia kuisha, ruhusa ya msitu kwa sababu mikoko ni msitu wa serikali, na ombi la fedha. Mkataba wa mtafiti kijana hufa na mradi, mara nyingi miaka miwili au mitatu, kwa hiyo mwaka wa mwisho nusu ya kazi ni kutafuta kazi. Shahada ya uzamifu haibadilishi hilo. Inabadilisha tu jina lililo juu ya ombi.

Kesho maji yatapwa kama saa tano na dakika ishirini. Kengele inasogezwa dakika arobaini mbele.