Programu ile ile, seva nyepesi: nilivyoanza na Open Liberty Kisumu

Mvua ndefu zikikaribia, duka letu la pembejeo karibu na soko la Kibuye hufunguliwa saa moja asubuhi, na foleni huwa imeshafika barabarani. Watu wametoka Seme, Nyando, wengine Nyakach, kila mmoja anataka mbegu za mahindi na mfuko wa mbolea ya DAP awahi matatu ya kurudi. Asubuhi moja ya Machi, stima ilikuwa imepotea usiku kucha. Iliporudi, kompyuta ya stoo iliwaka vizuri, lakini seva ya Java inayobeba programu ya mauzo ilichukua dakika sita na ushei kuamka. Bila hiyo karani hawezi kutoa risiti wala kujua stoo imebaki na mifuko mingapi. Mama mwenye duka akaniita kando.

"Mwanangu, hii mashine inanifukuzia wateja. Fanya kitu."

Programu hiyo ninaitunza mimi. Iliandikwa zamani na fundi aliyekwisha kuhamia mji mwingine: servleti chache (vipande vya Java vinavyojibu maombi ya kivinjari), kurasa za JSP (kurasa za wavuti zenye Java ndani yake), na hifadhidata ya PostgreSQL. Msimbo wake ni safi na unaeleweka, sikuona sababu ya kuuandika upya. Shida ilikuwa ile seva. Ilikuwa seva kamili ya aina ya zamani, inayoamsha huduma za ujumbe, za usimamizi, za kila kitu, iwe programu inazihitaji au haizihitaji, na kompyuta yenyewe ina memori ya gigabaiti 2 tu.

Wengi hapa huanza na Tomcat, seva nyingine nyepesi ya Java, na kwa programu kama hii ingetosha kabisa. Mimi nilichagua Open Liberty kwa sababu nina mpango wa kuongeza huduma za REST baadaye, yaani njia za programu nyingine kuongea na yetu kupitia mtandao, na sikutaka kuanza kutafuta jar (faili za maktaba za Java) moja moja za kuzibeba. Asili yake ni IBM. Waliitoa mwaka 2012 ndani ya WebSphere 8.5, seva yao kubwa ya Java, kama toleo jepesi, kisha mwaka 2017 wakauweka msimbo wake wazi kwa jina hilo la Open Liberty. Kilichonivutia ni jinsi inavyofanya kazi: inaanza ikiwa tupu, nawe unaiandikia vipengele unavyovitaka. Usichokiandika hakiamshwi.

Bando nalo lina bei, kwa hiyo sikupakua kifurushi kizima. Kuna kidogo kiitwacho kernel, ambacho ni kiini cha seva bila kipengele hata kimoja. Java 17 ilikuwa tayari kwenye kompyuta. Nilifungua zip, nikaingia kwenye folda ya wlp, nikaandika:

bin/server create duka

Ikatokea folda ya usr/servers/duka, na ndani yake faili ya server.xml. Mipangilio yote inakaa humo. Kwa mtu aliyezoea seva ambayo mipangilio yake imetawanyika kwenye faili kumi na ukurasa wa usimamizi juu yake, hili ni jambo kubwa: unafungua faili moja, unaisoma juu hadi chini, na unajua seva yako inafanya nini. Nilifuta yaliyokuwemo nikaandika yangu:

<server>
  <featureManager>
    <feature>servlet-6.0</feature>
    <feature>pages-3.1</feature>
  </featureManager>
  <httpEndpoint id="defaultHttpEndpoint" httpPort="9080" httpsPort="9443"/>
  <webApplication location="duka.war" contextRoot="/"/>
</server>

Faili ya duka.war, ambayo ndiyo programu yetu ikiwa imefungashwa, nikaiweka kwenye folda ya apps, nikaiwasha kwa bin/server start duka. Ikalalamika kwa ujumbe wa CWWKF0001E, kwamba kipengele hakipatikani. Ni haki yake, kwani kernel haina kitu. Amri ya kutatua hilo ni moja:

bin/featureUtility installServerFeatures duka

Inasoma server.xml yako, inaona umetaja nini, inavileta hivyo tu pamoja na vile vinavyovitegemea. Nikawasha tena na kufungua messages.log iliyo kwenye folda ya logs. Ukiwa mgeni kwa Liberty, jifunze kuitafuta alama ya CWWKF0011I humo. Hapo ndipo seva inaposema kwamba iko tayari kuendesha sayari yenye akili zaidi. Ndivyo walivyoiandika wenyewe. Mstari huo pia unataja muda iliochukua kuwaka. Yangu ilitumia sekunde tisa, kwenye kompyuta ile ile ya dakika sita.

Lakini nilipofungua ukurasa wa mauzo, nikakuta hitilafu: NoClassDefFoundError, na mbele yake javax/servlet/http/HttpServlet.

Hapa ndipo watu wengi wenye programu za zamani hukwama, kwa hiyo nitaeleza. Mwaka 2017 kampuni ya Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE, yaani viwango vya kuandikia programu za seva kwa Java, kwa taasisi ya Eclipse, na mwaka uliofuata jina likawa Jakarta EE. Majina ya ndani ya msimbo yanayoanza na javax hayakuweza kuendelezwa chini ya mwenyeji mpya kwa sababu za umiliki wa jina. Basi toleo la Jakarta EE 9, lililotoka mwaka 2020, likayabadilisha kuwa jakarta. Programu yetu ni ya kabla ya hapo. Nami nilikuwa nimeiandikia seva servlet-6.0, inayojua jakarta peke yake. Ni kama mtu amehama mtaa na wewe unaendelea kupiga hodi kwenye mlango wake wa zamani.

Dawa yake ilikuwa mistari miwili. Niliweka servlet-4.0 badala ya servlet-6.0, na jsp-2.3 badala ya pages-3.1, nikarudia ile amri ya featureUtility, nikazima na kuwasha. Ukurasa ukafunguka. Ukifanya hivi, badilisha vyote kwa pamoja, maana seva inakataa kuchanganya vipengele vya enzi mbili. Naipenda Liberty kwa hili zaidi ya kasi yake: matoleo mapya ya seva yanaendelea kubeba vipengele vya zamani, hivyo naweza kuiboresha seva kila mara bila kuigusa programu.

Hifadhidata haikunisumbua. Jar ya draiva ya PostgreSQL, inayoiwezesha Java kuongea na hifadhidata, niliiweka kwenye folda, nikaongeza kipengele cha jdbc-4.2 na jndi-1.0, kisha nikaandika dataSource (maelezo ya kuifikia hifadhidata) yenye jina lile lile ambalo programu ilikuwa imezoea kuliita.

Jumamosi alasiri, duka likiwa limefungwa, niliihamisha rasmi. Kwenye kompyuta ya stoo kila kitu kilikwenda sawa. Nikamwomba karani ajaribu kwenye kompyuta ya kaunta.

"Kaka, hapa kwangu imekataa."

Nikaenda kuangalia. Kivinjari kinazunguka tu, halafu kinasema hakuna muunganisho. Nilibadilisha waya wa mtandao. Nilizima ruta nikaiwasha. Nilikagua faiwoli ya Ubuntu, mfumo wa kompyuta ya stoo, poti ya 9080 iko wazi. Nikajaribu kwa simu yangu, nayo ikakataa. Giza lilianza kuingia, karani ana safari ya kwenda Ahero, na mimi nafikiria foleni ya Jumatatu. Mwishowe nikaandika ss -tlnp kwenye kompyuta ya stoo nione ni nani anasikiliza wapi. PostgreSQL ilikuwepo mahali pake. Na kwenye mstari wa Java, mbele ya 9080, palikuwa na 127.0.0.1.

Anwani hiyo maana yake ni kwamba seva inajisikiliza yenyewe ndani ya mashine moja. Liberty, usipoiambia vingine, inasikiliza localhost tu, yaani mashine yake yenyewe. Ni uamuzi mzuri wa usalama, maana hutaki seva mpya ijifungue kwa kila mtu kabla hujaiangalia, lakini lazima uujue. Nikarudi kwenye server.xml, kwenye httpEndpoint nikaongeza host="*". Nilipohifadhi tu, sikugusa kingine. Seva inaifuatilia faili hiyo wakati wote na huisoma upya bila kuzimwa. Kabla sijasimama kwenye kiti nikasikia kutoka kaunta: "Imeingia!"

Mambo mawili madogo yalibaki. Kwenye folda ya usr/servers/duka nilitengeneza faili ya jvm.options yenye mstari mmoja, -Xmx256m, ili Java isiimeze memori ambayo PostgreSQL nayo inaihitaji. Na kwa sababu ya stima niliiandikia systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, huduma inayoendesha bin/server run duka baada ya PostgreSQL kuwaka. Hapo tumia run badala ya start, maana run inabaki mbele na systemd inaweza kuisimamia. Kompyuta ikipata stima, seva inajiamsha yenyewe kabla karani hajamaliza kupanga daftari zake.

Wiki ile stima ilipotea mara mbili mchana. Mara ya pili mzee wa stoo ndiye aliyenijia. Alikuwa amezoea kutumia zile dakika sita kwenda kunywa chai, na sasa alikuwa anatafuta kikombe chake huku karani ameshaanza kuita majina.

Baadaye mama akafungua tawi Luanda, kule Vihiga, mahali ambapo mtandao wa kupakulia vitu vizito ni wa shida. Nilizima seva jioni, nikaandika bin/server package duka --include=minify. Amri hiyo inatengeneza zip yenye seva, mipangilio na programu, pamoja na vipengele vinavyotumika tu. Nikaiweka kwenye flashi pamoja na kisakinishi cha Java, kwa kuwa Java yenyewe haimo ndani ya zip. Asubuhi nikapanda matatu ya Busia, tukapita alama ya ikweta pale Maseno, na saa nne nilikuwa Luanda nimeketi juu ya gunia la mbolea ya CAN. Nilisakinisha Java, nikafungua zip, nikabadilisha anwani ya hifadhidata, nikawasha. Messages.log ikaandika CWWKF0011I. Mteja wa kwanza alinunua pakiti mbili za mbegu za sukuma wiki, na risiti yake ikatoka.