Muhula wa Miaka Mitano, Hewa Ukaa ya Karne

Hewa ukaa inayotoka leo kwenye dohani ya kiwanda, sehemu yake itakuwa bado angani karne ijayo. Serikali iliyokipa kiwanda hicho kibali inarudi kwa wapiga kura baada ya miaka minne au mitano. Wanaodai kwamba demokrasia haiwezi kukabili mabadiliko ya tabianchi huishia hapo. Mimi naona wanakata tamaa mapema mno: la kuuliza ni sheria imeandikwaje.

Sheria ya Uingereza ya mabadiliko ya tabianchi ya 2008 ndiyo ya kuisoma kwanza. Lengo la kupunguza gesi joto ifikapo 2050 limegawanywa katika bajeti za miaka mitano mitano, kila moja ikiweka kikomo cha gesi joto ambazo nchi nzima inaruhusiwa kutoa. Bunge hupitisha bajeti takriban miaka 12 kabla haijaanza. Ile ya 2033 hadi 2037 ilipitishwa Juni 2021. Kamati huru ya wataalamu hutoa ripoti kila mwaka, na serikali inalazimika kuijibu bungeni. Mpango wa serikali wa kutimiza bajeti usipotosheleza, mashirika ya kiraia hwenda mahakamani: Mahakama Kuu iliukataa mpango wa serikali mwaka 2022, na uliofuata nao ukakataliwa 2024.

Sheria hiyo ina tundu lake. Ziada ya bajeti moja, yaani kiasi kilichoruhusiwa ambacho hakikutolewa, inaweza kuhamishiwa inayofuata. Bajeti ya kwanza, ya 2008 hadi 2012, ilitimizwa kwa urahisi kwa kiasi fulani kwa sababu mdororo wa uchumi ulipunguza kazi viwandani. Bahati ya namna hiyo ikihesabiwa kuwa juhudi, kikomo cha miaka inayofuata hulegea bila mtu kupiga kura. Kamati imeshauri mara kwa mara ziada isihamishwe, na ninaiunga mkono kabisa.

Ujerumani ilisukumwa na majaji. Machi 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria iliyotaja hatua za hadi 2030 tu iliwatwisha vijana mzigo mkubwa wa baadaye, hivyo ikagusa uhuru wao. Ndani ya miezi michache lengo la kupunguza gesi joto ifikapo 2030 lilipanda kutoka asilimia 55 hadi 65, na mwaka wa kufikia hali ya kutotoa gesi joto zaidi ya zinazoondolewa angani ukasogezwa kutoka 2050 hadi 2045. Lakini marekebisho ya 2024 yalilegeza malengo ya kila mwaka ya kila sekta, na hapo ndipo wizara husika ilipokuwa inabanwa.

Panapovunjika mara nyingi ni kwenye bei, yaani tozo kwa anayetoa hewa ukaa. Australia ilianza kutoza dola 23 zake kwa tani ya hewa ukaa Julai 2012. Julai 2014, baada ya uchaguzi, tozo ikafutwa. Fidia ilikuwepo: kipato kisichokatwa kodi kilipandishwa kutoka dola 6,000 hadi 18,200. Ila mtu aliyaona makali kwenye ankara ya umeme, na nafuu ikajificha ndani ya mshahara.

Uswisi inaonyesha jambo hilohilo kwa kura ya maoni. Juni 2021, sheria ya kupandisha gharama za mafuta na tiketi za ndege ilikataliwa kwa asilimia 51.6. Juni 2023, sheria isiyo na kodi mpya, yenye ruzuku ya faranga bilioni 2 kwa miaka 10 ya kubadilisha mitambo ya kupasha nyumba joto, ilikubaliwa kwa asilimia 59.1. Wakati huohuo, takriban theluthi mbili za tozo ya hewa ukaa iliyokuwepo tangu awali hurudishwa kwa wananchi na makampuni, lakini fungu la mwananchi hutolewa kimyakimya kama punguzo kwenye ankara ya bima ya afya, na wengi hawajui kwamba wanalipata.