Kisipotee Kitu Chochote

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi.

Somo la juma hili ni Yohana 6:1–13. Mwenye nafasi aendelee hadi mstari wa 39, maana huko ndiko nitakakofikia.

Juma lililopita niliingia kitandani saa nne usiku. Nyumba ilipotulia nikalisikia bomba la jikoni. Tone. Kisha tone. Lilikuwa likivuja kwa miezi, ila mchana sauti yake humezwa na kelele nyingine. Nikaamka, nikatega jagi la lita mbili, nikarudi kulala. Saa kumi na mbili alfajiri nilipokwenda kutazama, jagi lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na uso wa maji ukitetemeka kila tone lilipoanguka.

Nikapiga hesabu pale pale nimesimama. Lita 2 kwa saa 8 ni lita 6 kwa siku, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 2,000. Maji yaliyochujwa, yakatiwa dawa, yakasukumwa na mitambo mpaka jikoni kwangu, nami nayaacha yashuke mferejini bila kumfaa kiumbe yeyote. Nilisali asubuhi ile nikiwa na jagi mbele yangu, na neno lililonijia lilikuwa hili: "Kusanyeni vipande vilivyobaki, kisipotee kitu chochote."

Tumtazame Yesu, aliyelisema. Amekwisha kulisha wanaume wapatao 5,000 kwa mikate 5 na samaki 2. Kama yuko mtu ambaye hakuwa na haja ya kuhesabu makombo, ni Yeye. Kesho akitaka angemega tena. Lakini watu walipokwisha kushiba, hakuwaambia wanafunzi wake wapumzike. Aliwarudisha nyikani kuokota. Marko anatuambia siku ile walikuwa wamechoka, hawakupata hata nafasi ya kula kwa jinsi watu walivyokuwa wakija na kwenda. Yohana naye anataja kwamba mahali pale palikuwa na majani tele. Basi wawazie jioni ile, migongo imeinama, vidole vikipekua majani kutafuta kipande cha mkate wa shayiri, mkate wa watu maskini, uliotoka mkononi mwa mtoto. Wakajaza vikapu 12.

Mimi nimehubiriwa muujiza huu tangu utotoni, na karibu kila mara mahubiri huishia kwenye shibe. Kule kuokota hupitwa haraka. Naona tumekosa kitu hapo. Muujiza ulikuwa wa Bwana peke yake, lakini kuokota aliwaachia wanafunzi, na amri ile haikuhitaji imani ya kuhamisha milima. Ilihitaji kuinama tu.

Mtu ataniuliza: je, jangwani Mungu hakukataza kuweka akiba ya mana? Alikataza, na waliosaza hadi asubuhi walikuta mabuu na uvundo. Lakini tutofautishe. Wale walificha wakidhani kesho Mungu hatakuwapo. Wanafunzi waliokota kwa sababu walijua ni nani aliyetoa. Kurundika hutoka kwenye hofu, na kukusanya vipande hutoka kwenye shukrani. Tena tukitazama leo, mabuu na uvundo vinapatikana zaidi kwa mwenye kununua kupita mahitaji yake kuliko kwa mwenye kuhifadhi kilichobaki.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa zaidi ya tani bilioni moja za chakula katika maduka, mikahawa na nyumba. Usikimbilie kuwalaumu wenye mahoteli: kati ya kila sehemu kumi za chakula hicho, sita zilitoka majumbani, kwenye sahani zetu na masufuria yetu. Hayaishii hapo. Mabaki yakifukiwa kwenye dampo, chini kusikofika hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hunasa joto la dunia kwa nguvu zaidi ya mara 80 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Maganda yale yale yakirundikwa mahali penye hewa, yakachanganywa na majani makavu na kugeuzwa mara kwa mara, huwa mboji, na udongo hurudishiwa chake.

Sitaki kuandika orodha ya mambo ya kufanya, kwa kuwa kila mmoja anaijua nyumba yake. Kufunika sufuria inapochemka, kuchemsha maji ya kiasi kinachohitajika, kushona kilichochanika kabla ya kununua kingine, kupika baada ya kuangalia kilichobaki jana: hakuna lililo geni hapa. Bibi zetu walifanya hivyo bila kufundishwa semina. Kinachotushinda ni kuamini kwamba jambo dogo namna hiyo lina uhusiano na Mungu.

Wapo wapendwa wanaosema dunia hii inapita, tusihangaike nayo. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mgeni aliyelelewa vizuri hukunja matandiko aliyolalia, hata kama anaondoka alfajiri na hatarudi tena. Anafanya hivyo kwa heshima ya mwenye nyumba. Nasi tumeimba mara ngapi Zaburi ya 24, kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana?

Sasa twende mstari wa 39. Ni sura ile ile, baada ya mikate, na Yesu anaeleza mapenzi ya Baba aliyempeleka: katika wote aliopewa, asimpoteze hata mmoja. Sikieni maneno hayo mawili katika lugha yetu. Kisipotee. Nisimpoteze. Na kwa Kiyunani pia kitenzi ni kile kile kimoja. Yeye aliyekataa kipande kipotee majanini ndiye anayekataa mtu apotee. Siku hizi naamini Bwana alikuwa akiwafundisha wanafunzi wake kwa makombo kile watakachotakiwa kufanya kwa watu: kurudi mahali ambapo umati umekwisha kuondoka, kuinama, na kutafuta aliyebaki.

Mwaka 1995 ulitoa mafunzo mawili juu ya hili. Mwezi Julai joto kali liliupiga mji wa Chicago huko Marekani, na kwa siku chache wakafa watu zaidi ya 700. Wengi walikuwa wazee wakaao peke yao, madirisha yamefungwa. Wengine hawakupatikana hata ndugu wa kuwazika. Mtafiti Eric Klinenberg alichunguza vitongoji viwili vinavyopakana, vyote vya watu wa kipato cha chini, vyote vyenye wazee wengi wanaoishi wenyewe. Ukilinganisha kwa idadi ya wakazi, kimoja kilikuwa na vifo karibu mara kumi ya kingine. Joto lilikuwa moja. Katika kile kilichonusurika, mitaa ilikuwa hai na wazee walizoea kutoka nje. Katika kile kingine majengo yalikuwa yamehamwa, biashara zimefungwa, na mzee alibaki na hofu yake ndani ya mlango.

Miezi sita kabla, tarehe 17 Januari, tetemeko lilikuwa limepiga eneo la Kobe, Japani, alfajiri watu wakiwa wamelala. Wengi wa waliotolewa vifusini wakiwa hai walitolewa na jamaa na majirani zao. Kisiwani Awaji, katika mji mdogo wa Hokudan, watu walijuana kiasi kwamba walifahamu nani hulala chumba kipi. Wakachimba pale pale. Ujuzi wa namna hiyo huwezi kuutafuta siku ya tetemeko. Huwa umekusanywa miaka mingi nyuma, kipande kwa kipande, kwa salamu na kwa kuketi kwenye vibaraza vya wenzako.

Ndipo namkumbuka yule mjane wa 2 Wafalme 4, mwenye chupa moja ya mafuta na mdai mlangoni. Elisha hakumwambia apige magoti kwanza. Alimwambia akaazime vyombo vitupu kwa majirani zake wote, wala asiazime vichache. Mafuta yakatiririka mpaka mwanawe aliposema hakuna chombo tena, yakakoma. Kipimo cha wokovu wa nyumba ile kilikuwa idadi ya milango ambayo mama yule aliweza kuigonga bila haya. Najiuliza ingekuwaje kama hakuwa na mazoea na mtu.

Swali hilo linanichoma kwa sababu ya jambo lililotokea kwangu. Mwaka jana maji yalikatika siku nne. Mimi nilikuwa na mapipa mawili yamejaa, na moyoni nilijipongeza kwa kuwa mtu wa akiba. Maji yaliporudi nikasikia kwamba mama mmoja mtu mzima, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alikuwa akitoka usiku na kidumu chake kwenda mbali kutafuta maji, kwa miguu ile yake inayovimba. Nikamfuata. "Mama, mbona hukuja kwangu?" Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, niliyaona mapipa yako. Lakini hatujazoeana." Nilikuwa nimeishi mkabala naye miaka mitatu. Niliyatunza maji, na jirani nikampoteza.

Nilimwomba radhi siku ile, na kuanzia hapo tukasalimiana zaidi, lakini niseme ukweli, mazoea hayakuja. Nilikuwa namwendea kama mtu anayelipa deni: nampelekea hiki, namuuliza kama anahitaji kile, naye kila mara anasema hana shida. Nadhani alikuwa amechoka kuwa mtu wa kusaidiwa.

Asubuhi ile ya jagi nilijua bomba linataka nini. Kile kimpira cha ndani kilikuwa kimelika, na kipya ninacho, ila kulifungua kunahitaji spana, nami sina. Nilikuwa nimeshavaa viatu kwenda kununua. Nikawa bado na Yohana 6 kichwani, na yule mjane na vyombo vyake vya kuazima, nikavuka kwenda mlango wa mkabala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini leo?"

"Leo nimekuja kuomba. Naazima spana, kama ipo."

Alinitazama kidogo, kisha akageuka akaingia ndani, nikasikia chuma kikigongana na chuma. Akarudi na kisanduku cha marehemu mumewe, kizito, anakiburuta na hataki nikishike. Akakifungua kibarazani, akanionyesha spana moja moja, hii ya bomba, hii ya baiskeli, hii mzee aliipenda mno. Tulikaa hapo mpaka jua likawa kali. Bomba langu sasa halidondoshi, na kabla sijaondoka alikuwa ameniuliza yale mapipa nayaosha kwa dawa gani, maana naye anataka kuweka moja.