Trekta dogo la shamba letu la Misungwi

Shamba tulilonunua mimi na mke wangu wilayani Misungwi lina ekari 14, nalo linateremka kutoka kwenye miamba hadi bondeni. Juu kuna luseni, udongo wa kichanga unaostawisha mihogo, karanga na viazi vitamu. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi uliogawanywa majaruba ya mpunga. Nilipoanza kutafuta trekta, kila niliyemwuliza alinitajia nguvu za farasi. Baada ya miezi minne ya kuulizia na kujaribu, naamini kwamba mwenye shamba jipya anapaswa kuanza na udongo wake, kisha fundi wake, ndipo afikie hesabu ya farasi.

Mbuga ndiyo iliyonifundisha zaidi. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa ambazo mkono unazama. Mvua ikishanyesha hunata kama ulimbo, na siku zinazofaa kulimwa katikati ya hali hizo mbili ni chache. Jirani yangu alikodi trekta kubwa la farasi 75, likazama hadi ekseli katika jaruba lake, likaja kuvutwa na maksai wake mwenyewe pamoja na vijana kumi wenye majembe. Niliinama kutazama tairi la nyuma: matope yalikuwa yamejaa kati ya meno yote, hata tairi zima likawa laini kama mtungi, likizunguka bila kushika chochote. Siku hiyo niliamua kutafuta trekta jepesi linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Hata hivyo, wepesi una gharama yake. Kwenye udongo mkavu na mgumu, trekta jepesi huteleza kabla injini haijachoka, kwa sababu kinacholifanya lishike ardhi ni uzito. Uzuri ni kwamba uzito unaweza kuongezwa na kupunguzwa: matairi ya nyuma hujazwa maji hadi robo tatu, na vyuma hufungwa mbele, kisha vyote huondolewa kabla ya kuingia majarubani.

Kuhusu nguvu, usiridhike na farasi za injini; ulizia zinazofika kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha rotaveta (zana ya visu vinavyozunguka na kutifua udongo) kwa mizunguko 540 kwa dakika, kwani hizo huwa pungufu. Kwa udongo mzito mimi nilihesabu farasi 5 hadi 6 za PTO kwa kila futi ya upana wa rotaveta. Uwezo wa kunyanyua nao unahitaji jicho kali. Muuzaji mmoja alinihakikishia kilo 900, lakini niliposoma karatasi vizuri nikaona kipimo hicho kilichukuliwa kwenye ncha za mikono ya haidroliki. Sentimita 61 nyuma yake, mahali ambapo uzito wa zana hukaa hasa, zilibaki kilo 650. Hakunidanganya kwa tarakimu, ila alininyima ile niliyoihitaji, na jambo hilo liliniudhi.

Trekta la mtumba nililipenda kwa bei. Mita ya saa zake za kazi ilisomeka 600, lakini mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika hadi chuma kinang'aa, dalili kwamba lilikuwa limefanya kazi zaidi ya hapo. Fundi wangu wa Usagara aliniuliza kama chujio la dizeli, chujio la oili na sahani ya klachi ya trekta hilo vinapatikana Mwanza mjini siku hiyohiyo. Nilizunguka maduka hadi jioni, nikarudi na chujio moja tu. Tukaliacha.

Jambo ambalo sikukubali kupunguziwa bei ili niliache ni fremu ya kinga, ile inayomlinda dereva trekta likipinduka, pamoja na mkanda wake. Shamba lenye visiki na mawe humshawishi mtu kufunga mnyororo popote, na ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, pua ya trekta huinuka na kupinduka kinyumenyume kabla dereva hajawahi kukanyaga klachi. Mnyororo hufungwa kwenye ndoano ya chini peke yake.

Hatimaye tulinunua jipya la farasi 35, lenye rotaveta ya futi 5. Mvua za kwanza ziliponyesha tulimaliza luseni yote kwa siku mbili. Mbuga bado inalimwa na maksai wa jirani, kwa malipo, hadi nitakapopata magurudumu ya chuma ya majarubani.