Milimita mbili

Jana usiku niliikata fremu ya kigari changu cha rimoti. Niliibana kwenye jiriwa, nikapitisha msumeno wa chuma palepale nilipokuwa nimechomelea wiki tatu zilizopita, na kila msumeno ulipokwenda na kurudi roho iliniuma kweli. Jioni nyingi zilikuwa zimelala ndani ya ule mshono. Leo nimeamka alfajiri nikaiunga upya. Sasa iko mezani mbele yangu, haijapakwa rangi, inanuka moto bado, nami naandika kabla kumbukumbu haijapoa.

Kigari chenyewe ni cha kipimo cha moja kwa kumi ya gari halisi, na hakikuundwa kwa mbio. Kazi yake ni kutambaa juu ya mawe kwa mwendo wa kinyonga: tairi inagusa, inashika, inavuta, halafu inayofuata. Ekseli zote mbili ni za mhimili mmoja, na difu zimefungwa kabisa ili tairi ya kushoto na ya kulia zizunguke pamoja hata moja ikiwa hewani. Mota ni ya brashi, ya mizunguko 45 ya waya. Mizunguko ikiwa mingi kasi inapungua, lakini gari linavuta bila papara, na ndicho ninachokipenda. Betri ni ya lithiamu ya seli mbili, volti 7.4. Seli ikikaribia volti 3.3 mimi nafunga kazi, hata kama nimebakiza jiwe moja tu la kupanda.

Ningeweza kununua chesisi iliyo tayari. Lakini nilitaka gari ambalo kila tundu lake nimelitoboa mwenyewe, nikajua kwa nini liko hapo na si pengine.

Basi nikachagua bomba la chuma la mraba, milimita 10 kwa 10, ukuta wa milimita moja. Mihimili miwili ya sentimita 40, vikatishio vitatu vya kuiunganisha katikati. Kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 313. Najua alumini ingekuwa nyepesi, maana chuma kwa ujazo uleule kina uzito wa karibu mara tatu, na kwenye gari la kupanda mawe kila gramu iliyo juu ya ekseli inalivuta gari lipinduke. Ila chuma nakiweza. Nikikosea nakata, nachomelea, naendelea. Fremu nzima ilikuja gramu 290 kwenye mzani, nami nikafidia kwa kubandika vipande vya madini ya risasi vya kubalansi ndani ya rimu za mbele, chini kabisa, mahali ambapo uzito ni rafiki.

Jambo moja kwa atakayejaribu: hakikisha bomba halina zinki. Moshi wa zinki iliyoungua unatia homa, si mchezo. Na usitegemee hesi, yaani mifereji ya skrubu, kwenye ukuta wa milimita moja, skrubu itang'oka siku ya kwanza. Mimi nilichomelea nati za M3, za skrubu ya milimita tatu, kwa ndani kabla ya kufunga ncha za bomba.

Tatizo lilianza siku ya kwanza kwenye mawe. Kila kigari kilipopanda, tairi ya mbele kulia ililegea. Haikunyanyuka sana, ila ilipapasa jiwe bila kulishika, kama mkono wa mtu anayetafuta swichi gizani. Nikasema hii ni mota. Kwa magari ya namna hii ni jambo la kawaida: propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ikizunguka kwa nguvu, ekseli nayo inataka kujiviringisha kinyume, upande mmoja unainuka. Nikabadilisha springi. Nikahamisha vishikio vya juu vya ekseli tundu moja chini. Nikazungusha shokapu za kushoto zikalegea kidogo. Kila badiliko lilisaidia pahali pamoja na kuharibu pengine. Kupanda kukawa afadhali, kushuka kukawa balaa.

Siku kumi nilihangaika na springi. Siku kumi!

Kilichonifungua macho ni mzani mdogo wa gramu. Niliuweka chini ya tairi moja, tairi nyingine tatu nikaziinua kwa vibao vya kimo kilekile, nikasoma, nikahamia inayofuata. Mbele kushoto 860. Mbele kulia 740. Nyuma kushoto 590. Nyuma kulia 710. Nikaandika namba hizo kwenye karatasi kwa mpangilio wa gari lenyewe, nikazitazama. Kama betri ingekuwa imeelemea upande mmoja, upande huo wote ungekuwa mzito, mbele na nyuma. Lakini wepesi ulikwenda kimshazari: mbele kulia na nyuma kushoto. Tena gari lilikuwa limesimama tuli, mota imezimwa. Mota haikuwa na kosa hata chembe.

Nikavua kila kitu. Ekseli, shokapu, giaboksi, sevo ya usukani, waya zote. Nikailaza fremu tupu juu ya kipande cha kioo kinene, nikabonyeza pembe moja kwa kidole. Tik. Nikabonyeza pembe ya pili. Tik. Ilikuwa inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Nikasogeza rula ya chuma kwenye mwanya: milimita mbili.

Nilijua mara moja zilikotoka. Chuma kikipata joto kinatanuka, kikipoa kinajikunja, na kinapojikunja kinavuta kuelekea kwenye mshono. Mimi nilikuwa nimechomelea upande mmoja wote, kikatishio baada ya kikatishio, kwa sababu mkono ulishazoea na kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Fremu ikapoa huku inajisokota taratibu, nami nimekaa kando naisifu. Shokapu zinafungwa kwenye fremu. Fremu ikisokotwa, springi mbili za mshazari zinabanwa zaidi na mbili zinaachiwa, na tairi zilizoachiwa ndizo zinazopapasa. Ningebadilisha springi mwaka mzima nisifike popote.

Ningeweza kuinyoosha kwa nguvu za mikono. Nilifikiria. Lakini chuma kilichonyooshwa hivyo kinabaki na kinyongo ndani, na mtikisiko wa mawe ungekirudisha kilikotoka. Ndiyo maana nikachukua msumeno.

Leo nimefanya polepole. Nimeibana fremu kwenye bamba nene la chuma kwa vibano sita. Nimeweka nukta moja ya moto mbele kushoto, nikaenda nyuma kulia, nikarudi mbele kulia, nikamalizia nyuma kushoto. Kati ya nukta na nukta nilisubiri hadi naweza kuweka kiganja juu ya bomba bila kukiondoa. Ukuta wa milimita moja ukiukawiza kwenye moto unatoboka, kwa hiyo kila nukta ni ya sekunde moja, pengine pungufu. Sikumwagia maji. Vibano nimevifungua baada ya saa mbili, ingawa mikono ilikuwa inawasha.

Kisha kioo. Nimebonyeza pembe ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya. Nimebonyeza zote nne mara mbili mbili, na sauti pekee iliyokuwepo chumbani ni pumzi yangu.

Mchana nimeunganisha vitu vya lazima tu, bila bodi, springi zote nne zikiwa sawa. Mzani ukasema mbele 805 na 795, nyuma 645 na 655. Nikakibeba hadi kwenye jiwe lilelile, lile lenye ufa katikati. Nikagusa rimoti kidogo tu, kiasi cha kuzindua mota. Mbele kushoto ikapanda. Mbele kulia ikafika kwenye ukingo wa ufa, na safari hii nikauona mpira ukibonyea, vijino vyake vikijikunjua na kuuma jiwe kimoja kimoja. Gari likasimama karibu wima. Nikaachia kidole, mota ikajizuia yenyewe, kigari kikaning'inia pale kimetulia tuli. Nikakiacha hivyo kwa muda, nikichuchumaa kando yake, nikitazama tairi zote nne zimeshika. Kisha nikagusa tena, kikavuka.

Nimekipandisha mara kumi na moja. Mara moja tu kimekwama, na hiyo ni kwa sababu nati ya kishikio cha nyuma ililegea. Sikuwa nimetia gundi ya nati.

Kesho ni gundi hiyo, halafu rangi ya kuzuia kutu. Pale nilipokata nimepasugua kwa tupa hadi chuma kinang'aa, na chuma kitupu hakisubiri.